Kifungu cha Sita

"Toka mbele ya mwanga, Mama Queen," Elisante alisema. "Unaziba grafu."

Leokadia hakutoka. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, kati ya projekta na ukuta, na grafu yote ilikuwa imemwangukia yeye: nguzo mbili za bluu kifuani, moja nyekundu tumboni, na asilimia arobaini na moja ikimchezea kidevuni kila alipofungua mdomo. Alikuwa bado na sare yake ya kazini, ile ya zambarau iliyopauka kwa kufuliwa, maana alitoka zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee akampitia mwanawe Takoma Park, na kutoka hapo akaja moja kwa moja.

"Sitoki mpaka unijibu. Mwanangu anarudi lini darasani?"

"Nimekujibu mara tatu. Juni, utafiti ukiisha."

"Juni aljebra itakuwa imekwisha. Barua ya mwalimu wake hii hapa. Amekosa vipindi vitatu kila wiki tangu Novemba, na asiporudi Jumatatu anatolewa kwenye lile darasa. Jumatatu, shemeji. Leo Jumamosi."

"Basi atasoma hesabu za kawaida kama watoto wa watu wengine. Hazijawahi kuua mtu."

Flaviana, mke wa Elisante, alikuwa jikoni anakaanga sambusa. Nyumba yao ya Lanham jiko lake halina mlango, kwa hiyo hakuna neno lililompita. Leokadia alikuwa rafiki yake wa miaka kumi na minne. Walijifungua mwaka mmoja, Leokadia akampata Queen, yeye akampata Godi, wakaazimana kitanda cha mtoto, na Jumapili walikuwa wakipika pamoja kwenye jiko la kanisa. Ingefaa aje akae katikati yao. Aligeuza sambusa.

Queen mwenyewe alikuwa kwenye kochi, miaka kumi na mitatu, koti halijavuliwa, macho kwenye magoti. Alielewa kila kitu. Alikuwa akisikia Kiswahili tangu tumboni na hajawahi kukijibu isipokuwa kwa Kiingereza.

Na hapo ndipo lilipokuwa tatizo.

Mradi wa Elisante uliitwa Daraja. Yeye alianza maisha na chumba kimoja cha kompyuta kwenye sekondari moja ya Moshi, kompyuta sita, nne mbovu. Akaja Marekani, akachukua shahada ya pili, akafundisha chuoni kidogo, kisha kampuni moja ya Rockville inayotengeneza programu za kufundishia ikamchukua. Sasa, mwaka 2007, shule zilimwita mshauri, chuo kilimwita mtafiti, na kampuni ilimwita mkurugenzi. Kila alikoalikwa alisema maneno yale yale: shule zina watoto, chuo kina maswali, kampuni ina mashine, na kiongozi ni yule anayewakutanisha. Watu walipiga makofi. Jumanne ijayo viongozi wa teknolojia ya elimu wa Maryland, Virginia na Washington walikuwa wanachagua mwenyekiti wao, na zile slaidi ukutani ndizo zilikuwa zimpe kiti.

Daraja ilifundisha Kiingereza kwa kompyuta watoto ambao nyumbani huongea Kiswahili. Walihitajika watoto thelathini. Chini ya hapo chuo kingeondoa jina lake kwenye ripoti, na bila jina la chuo ripoti ingekuwa tangazo la biashara tu. Lakini utawapata wapi watoto thelathini wa Kiswahili wasiojua Kiingereza, huku Maryland, ambako mtoto wa Mtanzania anajua kuagiza piza kabla hajajua kuamkia?

Elisante aliwapata kanisani. Au tuseme Flaviana ndiye aliyewapata. Agosti, baada ya ibada, kwenye chumba cha chini cha kanisa, alipita meza kwa meza na ile fomu ya shule inayouliza lugha ya nyumbani. "Andikeni Kiswahili," aliwaambia. "Mnaona aibu ya nini? Wakituhesabu ndipo watatuheshimu." Wakacheka, wakaandika. Jerotich, nesi wa kutoka Eldoret, alisema kwake wanaongea Kikalenjin na kufokeana, lakini na yeye akaandika Kiswahili asije akabaki nyuma. Waliandika kwa fahari, kwa herufi kubwa. Hakuna aliyejua kwamba neno hilo moja lingemtoa mtoto wake kwenye hesabu na sayansi na kumkalisha kwenye chumba cha kompyuta, hedifoni masikioni, akionyeshwa picha ya tufaha.

Walianza watoto thelathini na wanne. Wanne walihama na wazazi wao. Waliobaki walikuwa thelathini kamili, na wa thelathini alikuwa ameketi kwenye kochi na koti lake.

"Queen," Elisante aliita, kwa ile sauti yake ya mikutanoni. "Mwambie mama yako unachojifunza Daraja."

Queen alijibu kwa Kiingereza, taratibu, bila kuinua kichwa. Alisema amejifunza kwamba tufaha ni jekundu. Alisema Novemba yeye na wenzake walichoka wakawa wanabonyeza majibu ya makosa makusudi, kuona mashine itasemaje, na mashine ikawarudisha mwanzo. Siku hizi wanabonyeza sawasawa ili wamalize haraka.

Flaviana alisimama na kijiko hewani. Aliitazama ile grafu kwenye sare ya rafiki yake. Novemba nguzo fupi, Machi nguzo ndefu. Kumbe ndiyo hiyo asilimia arobaini na moja: watoto waliozaliwa hapa, wanaoota kwa Kiingereza, walichoka kucheza. Akamtazama mumewe, na usoni mwake hakuona mshangao hata kidogo. Elisante alikuwa anajua.

"Watoto wanasema mengi," Elisante alisema, akafunga kalamu yake.

"Mwanangu hasemi mengi. Hajawahi." Leokadia alipiga hatua moja mbele, na nguzo zikampanda usoni. "Shemeji, nakuomba kama ndugu. Mtoe huyu mmoja. Una ishirini na tisa wengine."

"Ishirini na tisa siyo thelathini."

"Kwa hiyo mwanangu ni wa kujazia."

"Mwanao ni mshiriki wa utafiti ambao utasaidia maelfu ya watoto. Lakini sikutegemei uelewe hilo. Umetoka kubadilisha nepi za vizee, bado mikono inanuka, unakuja kunifundisha utafiti kwenye sebule yangu."

Leokadia aliinua mikono yake akaitazama, kama mtu anayehakikisha. "Vile vizee vikijichafua vinajua vimejichafua, vinaona haya. Wewe umejichafua ukavaa tai."

Elisante alicheka. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Kadiri alivyokasirika ndivyo alivyozidi kuwa mpole. "Hebu tuseme ukweli, Mama Queen. Aljebra ya nini? Ili aje kuwa injinia? Baba yake alikimbilia Texas na hajapiga simu tangu lini? Unamtunza peke yako kwenye chumba kimoja juu ya duka la viatu. Huyu akimaliza shule utamtafutia kazi hapo hapo kwako, mtabadilishana zamu. Kwa kuinua vizee haihitajiki aljebra. Inahitajika mgongo."

Queen alianza kufunga vifungo vya koti lake, kuanzia chini. Alipofika cha juu alivifungua vyote akaanza upya.

"Mama Godi," Elisante aliita jikoni. "Niletee faili la fomu. Nataka mgeni aone sahihi yake."

Flaviana alizima jiko. Ofisi ya mumewe ilikuwa chumba kidogo chini ya ngazi: meza, rafu ya CD za Daraja, mashine ya faksi, na pembeni mashine ya kuchana karatasi. Faili lilikuwa droo ya kwanza. Alijua lilipo kwa sababu ndiye aliyelipanga, na alijua kilichomo kwa sababu ndiye aliyekiandika.

Chuo kilikuwa kimetoa fomu ya ridhaa kwa Kiingereza, vifungu tisa. Kifungu cha sita kilisema mzazi anaweza kumtoa mtoto wake wakati wowote, bila kutoa sababu yoyote, na mtoto hatapata hasara. Elisante alimpa Flaviana aitafsiri. Alipofika cha sita alikigonga kwa kalamu. "Hiki kiache."

"Kwa nini?"

"Ukimwonyesha mtu mlango, anatoka."

Chuoni hakukuwa na mtu aliyesoma Kiswahili, lakini kuhesabu wangehesabu. Basi Flaviana, aliyekuwa mwalimu wa darasa la tatu Machame miaka minane, alikichukua kifungu cha tano akakikata vipande viwili. Vikawa tisa. Wazazi walipewa ile ya Kiswahili peke yake, wakatia sahihi. Elisante aliwaambia kwamba hiyo ni heshima ya lugha yetu, na wengine walimpigia makofi kwa hilo pia.

Kwa hiyo Leokadia alikuwa amesimama pale sebuleni, kwenye mwanga, anatukanwa, akiomba ruhusa ambayo hakuwahi kuihitaji. Mistari miwili kwenye karatasi ya kawaida, faksi moja shuleni kabla ya Jumatatu asubuhi, na Queen angerudi kwenye aljebra yake bila kumshukuru mtu.

Karatasi ya Kiingereza ilikuwa nyuma kabisa ya faili. Flaviana aliichomoa. Aliisoma tena, kifungu cha sita, kama vile huenda kimebadilika. Hakijabadilika. Akaikunja mara nne akaitia kwenye mfuko wa aproni.

Alishaamua. Leokadia akiondoka atamsindikiza mpaka kwenye gari, kama anavyofanya siku zote, na pale nje atamtilia mkononi. Hatasema kitu. Leokadia anasoma Kiingereza vizuri tu, atakiona mwenyewe. Baada ya hapo Elisante na Jumanne yake watajuana.

Alirudi sebuleni akampa mumewe faili. Elisante akatoa fomu ya Kiswahili, akaishika mbele ya uso wa Leokadia.

"Sahihi ya nani hii?"

"Yangu."

"Ulishikiwa kisu?"

"Nilishikiwa na rafiki yangu," Leokadia alisema, na kwa mara ya kwanza akamgeukia Flaviana. "Aliniambia andika Kiswahili, nikaandika. Akaniambia tia sahihi, nikatia. Nilifikiri tunahesabiwa."

Flaviana aligusa mfuko wa aproni kwa nje. Ngoja, alisema moyoni. Ngoja tufike kwenye gari.

Lakini Leokadia alikuwa ameshaanza, na Leokadia akianza ni kama maji ya bomba lililopasuka, hayachagui pa kwenda. "Na mbona Godi hayumo? Naomba hilo mnijibu, wote wawili. Kama ni dawa nzuri hivyo, mbona mwanenu hanywi?"

"Godlisten lugha yake ya nyumbani ni Kiingereza," Elisante alisema.

"Nyumba hii? Nyumba hii ambayo juzi mama yake alikuwa anamgombeza kwa Kiswahili mpaka majirani wakafunga madirisha?"

"Fomu yake inasema Kiingereza."

Ilisema hivyo. Flaviana aliijaza yeye mwenyewe, hapo hapo kwenye meza ya kulia, Jumapili ile ile aliyotoka kuwaambia wenzake wasione aibu.

"Mimi nitakwambia kwa nini hayumo," Leokadia alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mnaogopa kompyuta. Kompyuta haina heshima, haijui baba yake nani. Ingemweka Godi pale mwanzo kabisa kwenye tufaha, na angebaki hapo hapo, na hangekuwa anatania. Mama yake ameniambia. Kwenye jiko la kanisa, analia kwenye sufuria ya pilau mpaka nikaogopa chumvi itazidi. Miaka kumi na miwili, hajui kusoma. Anafuata mstari kwa kidole kama anatafuta chawa. Wamemwekea mwalimu wa siri kule Bowie ili washarika wasijue. Bwana mkubwa wa elimu, Maryland yote na Virginia, anaonyesha watu grafu, na huko juu amefungia zuzu."

Ngazi ililia.

Godlisten alikuwa kwenye ngazi ya nne kutoka chini, miguu mitupu, bakuli la nafaka na maziwa mkononi. Alikuwa anashuka kuongeza maziwa. Alimtazama Leokadia, ambaye alikuwa akimwita Anti Leo tangu ajue kuita, ambaye alimfundisha kufunga kamba za viatu. Kisha akamtazama mama yake. Alimtazama yeye zaidi, kama mtu anayeangalia ni nani aliyeacha mlango wazi. Aliliweka bakuli chini kwenye ngazi, polepole lisimwagike, akapanda kurudi juu. Mlango wake ukafungwa bila kubamizwa.

Feni ya projekta iliendelea kuvuma.

Leokadia alijifuta mdomo kwa nyuma ya kiganja. Ungetegemea aseme samahani. Alikuwa mtu wa kusema samahani, siku nyingine. "Basi na yeye amejua inavyouma," alisema. "Wangu anasikia kila siku."

Elisante alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Hakumtazama mgeni wala ngazi. Aliitazama aproni ya mke wake, pale mfukoni, ambapo kona nyeupe ya karatasi ilikuwa imechungulia, na Flaviana alijua kwamba ameitambua. Elisante hakuthubutu kusogea. Mkurugenzi, mtafiti, mshauri, amesimama na fomu mkononi, roho yote iko kwenye mfuko wa aproni yenye mafuta ya sambusa.

"Mama Godi." Leokadia alikuwa amemkaribia. Sasa macho yake yalikuwa mekundu na sauti imechoka. "Yeye nimeachana naye, yeye ni ukuta. Nakuuliza wewe. Wewe ndiye uliyeiandika hii karatasi, neno kwa neno, na wewe ni mwalimu. Hakuna mahali popote panaposema ninaweza kumtoa mtoto wangu? Hata kwa maneno ya kuzunguka? Ukiniambia yapo nitaamini, ukiniambia hayapo nitaamini. Nitakwenda nyumbani."

Queen aliinua kichwa. Alikuwa na macho ya mama yake, na alikuwa akiyatumia kumtazama Flaviana bila kupepesa.

Karatasi ilikuwa mfukoni. Ilikuwa na uzito wa karatasi, basi. Flaviana aliisikia kwenye paja. Juu, kwenye chumba cha Godlisten, kitanda kiligonga ukuta mara moja, namna kinavyogonga mtu anapojitupa kifudifudi kwa uzito wake wote.

"Hakuna," Flaviana alisema.

"Una hakika?"

"Vifungu ni tisa. Nimeviandika vyote kwa mkono wangu. Hakuna."

Leokadia alitikisa kichwa mara mbili, kama mtu aliyeambiwa majibu ya hospitali. Aliamini. Alisema ataamini na aliamini, hapo hapo, bila swali la pili, na mabega yakamwanguka. Akajiondoa kwenye mwanga. Grafu ikarudi ukutani, nguzo zote zimesimama, nzima.

"Vaa kofia," alimwambia Queen. "Twende."

"Ngojeni kidogo," Flaviana alisema.

Aliingia ofisini chini ya ngazi. Kwenye rafu alichukua CD ya somo la saba la Daraja, mpya, bado na nailoni. Alitoka nayo akamwekea Queen kwenye kiganja, akamkunja vidole juu yake kama unavyomfungia mtoto hela ya sadaka.

"Hii ni ya kufanyia nyumbani. Uanze kesho kabla ya kanisa. Jumatatu mwalimu wa kompyuta ataikagua."

Queen aliuliza kwa Kiingereza kama kuna tufaha tena.

"Kuna matunda yote," Flaviana alisema.

Hakuwasindikiza. Leokadia alisubiri kidogo mlangoni, mkono kwenye kitasa, kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuwahi kutoka nyumba ile peke yake. Flaviana alikuwa ameshageuka. Alirudi ofisini, akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akainyoosha mikunjo yake minne kwenye ukingo wa meza ili isikwame, akaiingiza kwenye mashine. Mashine ikanguruma.

"Unachana nini?" Leokadia aliuliza kutoka mlangoni, bila sababu, labda kwa kutaka tu kusikia sauti ya rafiki yake.

"Takataka za ofisi," Flaviana alisema, na akaisukuma kwa kidole mpaka mstari wa mwisho ukaingia.